Wapiganaji wa mieleka: kilo zao iko na nini ndani?



Kule internati wengine wanasema: «Mtu mnene ndiye mwenye nguvu.» Wengine wanajibu: «Hapana, aliyekauka ndiye anashinda.» Tuangalie wapiganaji wakubwa wa mieleka, nao watatujibu.

Juu ya kipimo, kilo ni kilo tu. Lakini ndani yake iko mifupa, iko nyama ya mwili, iko maji, iko mafuta. Nyama inavuta na kusukuma. Mafuta hayavuti kitu, yanabebwa tu.

Sasa, kwa Olimpiki watu wanapangwa kwa kilo. Katika mieleka huru ya wanaume iko makundi sita: 57, 65, 74, 86, 97 na 125. Tuseme watu wawili wana kilo 65. Mmoja ana mafuta kilo 5, wa pili kilo 12. Kipimo kinasema wako sawasawa, lakini wa kwanza anamzidi mwenzake kilo 7 za mwili usio mafuta. Ndiyo sababu mabingwa wa kilo ndogo wamekauka sana.

Kwa wazito ni namna ingine. Uzito wenyewe unawasaidia, kwa maana kumwinua mtu kama huyo ni kazi kubwa. Mijaín López wa Cuba alishinda dhahabu tano katika kundi la wazito, tangu 2008 mpaka 2024. Basi pande zote mbili kule internati zilisema nusu ya kweli.

Lakini angalieni! Mafuta hayatoki usiku mmoja. Anayeshusha kilo mbio mbio anatoa maji. Maji yakipungua, damu inapungua, moyo unapiga mbio, na joto linabaki ndani ya mwili. Mwaka 1997, kule Marekani, wanafunzi watatu wa universite walikufa kwa njia hiyo, muda wa majuma kama matano tu. Walifanya mazoezi ya nguvu mahali pa joto, na nguo zisizopitisha hewa, bila kunywa vizuri. Kisha wakubwa wa michezo walikataza nguo zile. Waliweka pia mpaka: mpiganaji wa universite asishuke chini ya mafuta 5 kwa 100. Kwa wavulana wa sekondari ni 7, kwa wasichana 12. Maana mwili unaokomaa unahitaji mafuta yake.

Na huko Paris, mwaka 2024, Vinesh Phogat wa India alifika fainali ya kilo 50. Usiku kucha alitoka jasho, hata nywele zilikatwa. Asubuhi kipimo kilionyesha gramu 100 zaidi, kama mayai mawili. Aliondolewa, bila medali.

Basi, ndugu, anayetaka nyama mwilini ale maharagi na ndakala, afanye mazoezi, alale vizuri. Anayetaka kupunguza mafuta apunguze polepole, juma kwa juma. Lakini maji, mtu asijinyime hata siku moja. Kushindwa mchezo si kitu, utacheza tena. Moyo ukisimama, hakuna mchezo wa pili.