Mke wa Goma, mume wa Kanama: ndoa peke yake si kibali cha kuishi

KANAMA, Rubavu – Katika soko la Mahoko, sekta ya Kanama, bidhaa na watu wa pande mbili za mpaka wamechanganyika kwa miaka mingi. Gari linalopakia mboga na viazi hapa hushusha Goma siku hiyo hiyo. Wanaofanya biashara pamoja huishia pia kuoana, na ndipo tatizo la hati linapoanza.

Tuchukue mfano wa mwanamke wa Goma aliyeolewa na Mnyarwanda wa Kanama. Mahari imetolewa, watoto wamezaliwa, duka linaendelea. Lakini aliingia kwa hati ya jirani wa mpaka na hakurudi. Majirani wanamwita mke wa fulani, ilhali kwa uhamiaji ni mgeni asiye na kibali. Akisimamishwa barabarani kati ya Musanze na Rubavu akiwa na mzigo, hana cha kuonyesha.

Hati za mpakani zina kikomo

Jeto ya siku moja na hati ya CEPGL, jumuiya iliyoundwa na Burundi, Rwanda na Zaire mwaka 1976, zilitungwa kwa ajili ya kuvuka na kurudi. Hazikutungwa kwa ajili ya kuhamia. Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika Julai 2010, inamruhusu mfanyakazi kuandamana na mwenzi wake. Hata hivyo, itifaki hiyo haimwondolei mtu sharti la kuwa na hati halali.

Hatua ya kwanza: ndoa ya serikali

Katiba ya Rwanda inatambua ndoa ya kiserikali ya mume mmoja na mke mmoja. Harusi ya kanisani, msikitini au ya kimila haitoshi mbele ya uhamiaji. Ndoa hufungwa kwenye ofisi ya sekta, na mgeni huombwa vyeti vya kwao, kikiwemo cha kuzaliwa na cha kuonyesha kwamba hana ndoa nyingine. Mwanamume mwenye mke wa kisheria hawezi kumwandikisha wa pili, hata kama ana nyumba mbili, moja kila upande wa mpaka.

Faida ya cheti ni zaidi ya uhamiaji. Siku ya ndoa wanandoa huchagua mpangilio wa mali: kuchanganya zote, kuchanganya zinazochumwa ndani ya ndoa, au kila mtu na zake. Asiye na cheti hukosa kinga hiyo mume akifariki au wakiachana, hata kama mtaji wa duka ulitoka kwake.

Hatua ya pili: kibali cha kuishi

Uhamiaji nchini humo unaongozwa na sheria ya mwaka 2018. Mwenzi wa raia huomba kibali katika Kurugenzi Kuu ya Uhamiaji. Akikipata hupewa kitambulisho cha mgeni, na hapo hata kusajili laini ya simu kwa jina lake kunakuwa rahisi. Aliyepitisha muda ni afadhali ajipeleke mwenyewe ofisini pamoja na mume na cheti cha ndoa kuliko kukamatwa njiani, kwa kuwa ndoa haifuti yenyewe kosa la kukaa bila kibali.

Kikwazo kikubwa ni pasi. Mwishoni mwa Januari 2025 Kinshasa iliwaita nyumbani wanadiplomasia wake walioko Kigali, na siku chache baadaye Goma ikashikwa na M23. Kwa Mkongomani aliye Rubavu, milango miwili ya kupatia hati za kwao ilifungwa karibu kwa wakati mmoja. Mwenye pasi ambayo bado haijaisha asingoje iishe. Aliyekimbia vita ana njia nyingine: kuomba hifadhi na kusajiliwa kama mkimbizi.

Hatua ya tatu: uraia, na gharama yake

Sheria ya uraia ya mwaka 2008 iliruhusu mwenzi wa Mnyarwanda kuomba uraia baada ya miaka 3 ya ndoa. Sheria hiyo ilibadilishwa na ya Julai 2021, kwa hiyo muda na masharti yaulizwe upya kabla ya kuandaa faili. Hesabu huanzia ndoa ya kisheria, siyo siku ya mahari. Kila mwaka wa kuchelewa kwenda sekta ni mwaka uliopotea.

Mfanyabiashara apige hesabu vizuri hapa. Rwanda inakubali uraia wa nchi mbili. Kongo haikubali: Katiba yake ya 2006 inasema uraia wa Kongo ni mmoja na hauchangamani na mwingine. Anayechukua uraia wa Rwanda anapoteza wa Kongo, pamoja na haki ya kuingia Goma kama mwenyeji. Kwa mwenye nyumba au kibanda upande ule, kibali cha kuishi kinaweza kumfaa kuliko uraia.

Upande wa pili njia ni ndefu zaidi. Kwa sheria ya Kongo ya Novemba 2004, mgeni aliyeoa au kuolewa na Mkongomani husubiri miaka 7 ndipo aombe uraia. Kenya nayo, kwa Katiba ya 2010, imeweka miaka 7.

Watoto wasisubiri

Mtoto wa Mnyarwanda ni Mnyarwanda, awe mzazi huyo ni baba au mama. Asajiliwe mara tu anapozaliwa, kwa jina la wazazi wote wawili. Hati ya mama inaweza kuchukua miaka. Haki ya mtoto haitegemei hati hiyo.