Mashua Zipandazo Ngazi

Je, msomaji mpenzi, umepata kuona mashua ikipanda kilima? Huko kusini ya Ufaransa jambo hili ni la kila siku. Toka mji wa Toulouse hadi karibu na bahari ya Mediterania kuna mfereji wa kilometa 240, uitwao Canal du Midi. Wakati wa joto, baba, mama na watoto hukodi mashua yenye vitanda na jiko, wakasafiri juma zima kwa mwendo usiozidi kilometa 8 kwa saa. Hawana haraka. Njiani hununua mkate na matunda vijijini, na jioni hufunga mashua ukingoni wakapika.

Kilima hupandwaje? Mashua huingia katika chumba cha mawe chenye mlango mbele na mlango nyuma. Ule wa nyuma hufungwa, kisha maji ya juu huachiwa yaingie polepole. Chumba kikijaa, mashua huinuka pamoja na maji, kama kata ielevyo mtungini. Ndipo mlango wa mbele hufunguliwa. Karibu na mji wa Béziers vilijengwa vyumba 8 vilivyofuatana, ngazi kweli kweli!

Lakini maji ya kujaza vyumba hivyo yatoke wapi kileleni? Swali hili lilijibiwa na Pierre-Paul Riquet, mtoza kodi ya chumvi. Alikusanya vijito vya Mlima Mweusi, akayazuia maji kwa boma kubwa mahali paitwapo Saint-Ferréol, akayaongoza hadi kileleni Naurouze. Hapo maji hugawanyika, mengine yakaenda magharibi, mengine mashariki. Mfalme Louis wa 14 alitoa amri ya kuchimba mwaka 1666.

Wachimbaji, wanaume kwa wanawake, walifikia wakati mmoja kama 12,000. Riquet aliwapa mshahara wa mwezi, wala hakuwakata Jumapili, sikukuu, wala siku za mvua. Kweli, alitaka pia wasimkimbie wakati wa mavuno. Hata hivyo, katika siku zile ni mabwana wangapi waliomlipa kibarua siku ya kupumzika?

Mwenyewe alitumia mali yake hata akazama katika madeni. Alifariki Oktoba 1680, na mfereji ukafunguliwa Mei 1681. Hakuona mashua hata moja ikipita toka mwanzo hadi mwisho. Watoto wake walirithi madeni yale, wakayalipa miaka mingi.

Siku hizi mizigo huchukuliwa na reli na magari. Mfereji umebaki wa watu wanaopumzika. Labda ndivyo ilivyofaa, kwa kuwa wale waliouchimba walilipwa hata siku yao ya kupumzika. Nasi, ndugu, tukimwita jirani kutulimia shamba, tukumbuke kwamba Jumapili naye hula.