Siku 45: Saa ya Mtumishi wa Serikali Huanza Kuhesabu Lini?

Ukimuuliza mwanachuo wa mwaka wa mwisho hapa Iringa atafanya kazi wapi, atakutajia Ajira Portal kabla hujamaliza swali. Kule Mbeya ni hivyo hivyo. Wa Mkwawa anasubiri ualimu, wa MUST anasubiri uhandisi wa halmashauri, wa Mzumbe Mbeya anaota ofisi ya utumishi. Tunajua nyaraka za kuombea kazi kwa kichwa. Ila muulize huyohuyo: ukishaajiriwa, bosi akakubagua kwa ujauzito, kabila, dini au ulemavu, una siku ngapi za kulalamika, na unalalamika wapi? Hapo kimya.

Mimi nasoma sheria, na kwa kuwa nasoma sheria, ndugu zangu wote wananiona wakili tayari (bumu lenyewe halijatoka!). Swali hili nimeulizwa mara nyingi kiasi kwamba nimeona niliandike.

Tuanze na haki yenyewe, kwa kuwa hapo hakuna utata mkubwa. Katiba, Ibara ya 13, inakataza ubaguzi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 7, inaingia kazini kabisa na kutaja misingi inayokatazwa: rangi, kabila au mahali mtu alikotoka, maoni ya kisiasa, dini, jinsia, ujauzito, hali ya ndoa, majukumu ya familia, ulemavu, VVU, umri na mingineyo. Na kuna jambo zuri wengi hawalijui: ukishaonesha dalili za awali kwamba umebaguliwa, ni mwajiri ndiye anayetakiwa kuthibitisha kwamba hakukubagua. Sheria hii ni ya Tanzania Bara. Zanzibar wana zao. Pia kwa sehemu kubwa haiwagusi wanajeshi, polisi, magereza na JKT, ingawa kifungu hiki cha 7 kinawahusu na wao.

Shida inaanza kwenye mlango wa kupitia.

Kwa mfanyakazi wa kampuni binafsi, mlango ni CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Kanuni zake za 2007, Tangazo la Serikali Namba 64, zinasema mgogoro wa kuachishwa kazi upelekwe ndani ya siku 30, na migogoro mingine yote ndani ya siku 60 tangu ilipotokea. Ubaguzi usiohusu kufukuzwa unaangukia kwenye hizo 60. Haya ndiyo yanayojulikana mtaani, na ndiyo watumishi wa Serikali nao wanaambiana.

Kumbe mwaka 2016 Bunge liliongeza kifungu cha 32A kwenye Sheria ya Utumishi wa Umma. Kinasema mtumishi wa umma, kabla ya kwenda kutafuta nafuu kwenye sheria za kazi, amalize kwanza njia zote zilizomo ndani ya Sheria ya Utumishi wa Umma. Wengine walidhani ni utaratibu tu, mtu anaweza kuuruka. Mwaka 2022 Mahakama ya Rufani, katika rufaa ya Shirika la Posta Tanzania dhidi ya aliyekuwa mtumishi wake, ilifunga mjadala: CMA haina mamlaka ya kusikiliza mgogoro wa mtumishi wa umma ambaye hajapitia njia hizo. Mwenendo wote wa CMA na wa Mahakama Kuu ukafutwa. Fikiria miaka hiyo yote, nauli hizo zote, halafu unaambiwa mlango haukuwa huo.

Mlango wake ni upi basi? Akiadhibiwa na mamlaka yake ya nidhamu (kwa mtumishi wa halmashauri, mara nyingi ni Mkurugenzi), anakata rufaa Tume ya Utumishi wa Umma. Asiporidhika na Tume, anakwenda kwa Rais, na uamuzi wa Rais ndio wa mwisho katika ngazi hiyo. Muda wa kukata rufaa ni siku 45. Walimu wana Tume yao, Tume ya Utumishi wa Walimu, iliyoundwa kwa sheria ya 2015, kwa hiyo wa Mkwawa msiikariri njia hii bila kusoma na ya kwenu.

Hizo 45 si nyingi. Wamarekani nao wamewapa watumishi wa serikali kuu yao siku 45 za kumwona mshauri wa masuala ya ubaguzi, wakati mfanyakazi wa kampuni binafsi huko anapata siku 180 au zaidi. Sijui kwa nini serikali hupenda kuwaharakisha watu wake zenyewe, lakini inaonekana ni tabia.

Sasa nifike kwenye kinachowaangusha watu kweli. Mama mdogo wangu ni muuguzi katika halmashauri moja ya mkoa wa Mbeya ambayo sitaitaja. Alirudi kutoka likizo ya uzazi akiwa amechelewa siku kadhaa, mtoto alilazwa. Akaandikiwa mashtaka ya utoro, mwisho akashushwa cheo. Mwenzake wa kiume alikuwa ametoweka kwa muda mrefu zaidi, akaonywa kwa mdomo yakaisha. Niliposhuka likizo, yeye mwenyewe wala hakuwa na haraka.

“Barua uliipokea lini, mama mdogo?”

“Ee, siku nyingi. Ile Jumatatu nilipotoka zamu ya usiku. Ila wamesema nivumilie, tutayamaliza hapahapa ndani. Mwanangu, tusiwaudhi wakubwa.”

Tulihesabu kwenye kalenda ya ukutani. Ilikuwa siku ya 31.

Hilo la “tutayamaliza ndani” ndilo naliogopa kuliko kifungu chochote. Anayelisema huenda ana nia njema kabisa. Lakini maneno ya korido hayasimamishi saa. Na ubaguzi wenyewe kwa kawaida hauji na barua: unakuja kama jina lililorukwa kwenye orodha ya mafunzo, uhamisho wa ghafla, utani wa kikabila kwenye kikao. Adhabu ikiwa na barua, angalau unajua siku ya kwanza ni ipi. Isipokuwa na barua, itengeneze wewe: mwandikie mwajiri, eleza kilichotokea na tarehe zake, omba jibu la maandishi. Akikujibu, una uamuzi wa kuupinga. Asipojibu, una ushahidi kwamba ulilalamika, na Tume ya Utumishi wa Umma hupokea malalamiko pia, siyo rufaa peke yake.

Kuhusu kuhesabu: kwa Sheria ya Tafsiri ya Sheria, siku ya tukio lenyewe haihesabiwi. Ukipokea barua tarehe 3 Machi, unaanza kuhesabu tarehe 4, na siku ya 45 inaangukia 17 Aprili. Siku ya mwisho ikiwa Jumamosi, Jumapili au sikukuu, inasogea hadi siku ya kazi inayofuata. Lakini za katikati zote zimo, Pasaka na nanenane zimo, hata siku ulizolala mgonjwa.

Na ukichelewa? Kanuni za CMA zinaruhusu kuomba kusamehewa kuchelewa kwa sababu nzuri, na mahakama nazo zina utaratibu wa kuongeza muda. Tatizo ni kipimo. Katika kesi ya Lyamuya Construction, ya mwaka 2010, ambayo kila mwanafunzi wa sheria ameikariri, Mahakama ya Rufani ilitaka mwombaji aeleze kipindi chote cha kuchelewa, na kuchelewa kwenyewe kusiwe kwa kupitiliza. Cheti cha hospitali kinaweza kusaidia. “Nilikuwa nasubiri wakubwa wakae” kwa kawaida hakifiki mbali.

Ngazi za ndani zikiisha, bado kuna Mahakama Kuu, ambayo ina masjala Mbeya na Iringa. Hapo mtu huomba kibali cha uamuzi kupitiwa upya, na kwa kanuni za 2014 ombi hilo lifike ndani ya miezi sita tangu uamuzi. Kazi hiyo inahitaji wakili. Uliza chama chako kwanza, TUGHE, TALGWU au CWT, maana makato ya kila mwezi unayalipa.

Mama mdogo rufaa yake tuliiandika jioni mbili, mezani, mtoto akiwa mgongoni. Tuliambatanisha hati ya mashtaka, utetezi wake, barua ya adhabu na cheti cha kulazwa mtoto, na nakala ikapelekwa kwa Mkurugenzi. Karani wa masjala alitaka kuipokea bila kugonga muhuri. Mama mdogo, yule asiyetaka kuwaudhi wakubwa, alisimama pale dirishani mpaka muhuri ukagongwa kwenye nakala yake, na tarehe ikaandikwa. Siku ya 38. Majibu tunayasubiri.