Pikipiki ya zamani haipandi mlima? Usikimbilie pistoni

Bodaboda ya zamani ya cc 125 ikipanda kilima Hirbadaw na gunia la mahindi, inalia tu, haiendi. Wengi watakwambia pistoni imekwisha. Labda, ila tuanze na hewa. Kwenye mwinuko wa mita 2,000 hewa ni pungufu kwa karibu asilimia 18 kuliko ufukweni Dar, na hata injini mpya inapoteza nguvu kwa kiasi kama hicho. Kabureta haijui kwamba umepanda: tundu la jeti ni lilelile, hivyo petroli inazidi. Chomoa plagi. Ina masizi makavu? Safisha filta ya hewa kwanza (vumbi la huku mnalijua), ndipo uombe jeti ndogo zaidi. Ukihamia Dar nayo, rudisha ile ya zamani, la sivyo injini itachemka.