Paka wa Ghorofani na Mfuko wa Chakula Chake

Dada mmoja, mzaliwa wa Mombasa aliyeolewa Nairobi na kukaa katika fleti za Hurlingham, aliniletea masuala matatu kwa pamoja, na yote yalimhusu paka. Paka wake dume, aliyehasiwa, alikesha akiingia na kutoka katika sanduku lake la mchanga, akijikamua na kulia, hata watoto wakadhani amefunga choo. Daktari wa wanyama aliyempokea asubuhi alisema tatizo si choo bali ni mkojo: njia imeziba. Akamtia dawa ya usingizi, akampitishia mpira, akamlaza. Siku ya nne paka alirudi nyumbani na mfuko wa chakula maalumu, pamoja na onyo kwamba asionje kinginecho.

Hapo ndipo mzozo ulipoanza. Mama mkwe, aliyekuja kutoka Kisauni kuwaona wajukuu, aliposikia bei ya mfuko alishika kichwa. Alisema paka wa kwao wamekula vichwa vya samaki na dagaa tangu zama za mababu, na hakuna aliyewahi kulazwa. Huyu kama ni mgonjwa, apelekwe sokoni akajitafutie riziki. Dada akauliza: je, kumnunulia paka chakula cha ghali ni israfu? Je, yajuzu kumtoa? Na tena, nyuma ya mfuko pameandikwa kwamba ndani mna nguruwe, je, yafaa?

Nitaanza na maneno ya mama mkwe, maana yana ukweli ndani yake. Paka ametokana na paka mwitu wa nchi kavu za Afrika na Mashariki ya Kati. Kiumbe huyu aliumbwa apate sehemu kubwa ya maji yake kutoka katika windo lake. Mwili wa panya kwa kiasi kikubwa ni maji. Kwa sababu hiyo kiu yake ni ndogo, na figo zake zina nguvu ya kuukaza mkojo ukawa mzito. Paka wa Lamu anayezunguka ufukweni akisubiri wavuvi watupe matumbo ya samaki anakula chakula kibichi chenye maji, anapanda kuta, anakimbizana na wenzake, na anakojoa apendapo. Sasa mchukue huyo huyo umpandishe ghorofa ya sita. Pale Hurlingham, kandokando ya barabara ya Argwings Kodhek, nyumba nyingi za zamani zenye bustani zimebomolewa na fleti zikasimama mahali pake. Paka wa humo huenda asiguse udongo maisha yake yote. Analala, ananenepa, na anakula punje kavu ambazo maji yake ni kiasi cha sehemu moja katika kumi. Asiponywa maji ya kutosha kufidia upungufu huo, mkojo unakaa kibofuni muda mrefu, mzito, na chumvichumvi zilizomo huanza kuganda.

Hata hivyo sikubaliani naye aliposema kwamba wa kwao hawaugui. Paka wa mtaani akizibwa mkojo hujificha uchochoroni au chini ya mashua, akafa huko, na wenye mtaa wakasema amehama.

Yafaa ijulikane kwamba watu wengi huita maradhi haya kwa jina moja tu, yuti'ai, kama yale yanayowapata wanawake, kisha wakaenda duka la dawa kununua antibayotiki. Kwa paka kijana au wa makamo uambukizi wa vijidudu si sababu ya kawaida. Wengi wao huwa na uvimbe wa kibofu usiojulikana chanzo chake, unaochochewa na hofu na mabadiliko: wageni, mtoto mchanga, kuhama nyumba, kelele za mafundi wanaojenga jirani. Wengine wana fuwele au vijiwe. Na dume yumo katika hatari zaidi, kwa kuwa mrija wake ni mwembamba mno. Punje ndogo kama ya mchanga, au kijikamasi tu, hutosha kuuziba. Ukizibwa, sumu za mwili hazitoki, potasiamu hupanda katika damu, na moyo hushindwa. Mauti yaweza kufika ndani ya siku mbili au tatu. Kwa hiyo dume anayejikamua bila kutoa kitu, anayejilamba chini kila mara, anayetapika au kujificha, hangojewi mpaka kesho. Wala asipewe panadoli kumtuliza maumivu: hata kipande cha kidonge kimoja chaweza kumuua paka.

Sasa tuje kwenye chakula. Vijiwe vya paka kwa sehemu kubwa ni vya aina mbili. Cha kwanza huitwa struvaiti, kinachotokana na magnesiamu, amonia na fosfeti, nacho huganda katika mkojo usio na asidi ya kutosha. Cha pili ni oksaleti ya kalsiamu. Chakula cha tiba hupunguza zile chumvi zinazojenga struvaiti, huutia mkojo asidi kwa kipimo, na kumfanya paka akojoe zaidi. Paka akila hicho peke yake, kijiwe cha struvaiti huyeyuka kama sukari katika chai, mara nyingi ndani ya wiki chache, na daktari huthibitisha kwa eksirei. Oksaleti haiyeyuki kwa chakula chochote. Huondolewa kwa njia nyingine, aghalabu kwa kupasuliwa, na chakula baada ya hapo kazi yake ni kukizuia kisirudi.

Tofauti hii si ya kitabuni tu. Mwaka 1981 Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, kilianzisha kituo cha kuchunguza vijiwe vya wanyama. Wakati huo vingi vya paka vilikuwa struvaiti. Viwanda vikapunguza magnesiamu na kuongeza asidi katika vyakula vya kawaida, struvaiti ikapungua, na katika miaka iliyofuata oksaleti ikapanda sana. Mkojo uliozidi asidi una ubaya wake pia. Kwa sababu hiyo anayemtilia paka wake siki au ndimu katika maji, kwa kuwa amesikia asidi ni dawa, huenda anajenga kijiwe kingine. Mkojo upimwe kwanza.

Tena neno "peke yake" alilosema daktari ndilo linalovunjwa majumbani mwetu. Mama anapima punje asubuhi kwa uaminifu, kisha adhuhuri mtoto anamdondoshea kipande cha nyama ya pilau, na jioni bibi anamhurumia kwa dagaa. Dagaa mkavu, na omena wa huko Nairobi ni hivyo hivyo, huliwa na mifupa yake, na katika mifupa ndimo fosforasi na kalsiamu zilimo. Mara nyingine ana chumvi juu yake. Kiganja kimoja chaweza kuharibu hesabu yote ya mfuko. Na pilau ina baya zaidi: kitunguu maji na kitunguu saumu. Vyote viwili huharibu chembe nyekundu za damu ya paka, viwe vibichi au vimepikwa. Mchuzi wa nyumbani tunaouonea fahari si chakula chake.

Kama daktari atakubali, chakula cha kopo ni bora kuliko kikavu, kwa kuwa robo tatu yake au zaidi ni maji. Akiwa amezoea punje, zirowekwe maji ya vuguvugu. Mchuzi wa kuku aliyechemshwa bila chumvi, bila kitunguu na bila viungo humvutia kunywa. Bakuli za maji ziwe zaidi ya moja, pana, mbali na sanduku la mchanga, na maji yabadilishwe kila siku. Katika hadithi iliyopokelewa na Imam Malik, Abu Daud na Tirmidhi, Kabsha binti Kaab alimmiminia maji ya udhu Abu Qatada, baba wa mumewe. Akaja paka, naye Abu Qatada akamwinamishia chombo mpaka akanywa. Alipoona mkaza mwanawe anastaajabu, akamweleza kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alisema paka si najisi, bali ni katika wanaotuzungukia majumbani. Mkwe yule alikatisha maandalizi ya ibada ili paka anywe.

Kubadilisha chakula kufanywe taratibu, kwa wiki moja au zaidi, kipya kikiongezwa kidogo kidogo. Wapo wanaosema, "Mwache na njaa, atakula mwenyewe." Kwa paka shauri hilo ni la hatari. Akikaa siku mbili tatu bila kula, hasa akiwa mnene, mafuta hukimbilia ini na kumletea maradhi mengine. Akikataa kabisa, daktari aambiwe ambadilishie aina. Na mfuko wa mgonjwa usiwe chakula cha nyumba nzima: baadhi ya vyakula hivi vimeongezwa sodiamu, havimfai mwenye maradhi ya figo, mjamzito wala mtoto wa paka. Wakiwa wawili, kila mmoja alishwe chumba chake na bakuli liondolewe.

Kuna wanaotaka kumpikia wenyewe. Nia ni njema, lakini nyama na wali havitoshi. Paka huhitaji taurini, ambayo mwili wake hautengenezi ya kutosha. Mwaka 1987 ilibainika kwamba upungufu wake hudhoofisha moyo wa paka. Ukichemsha nyama ukamwaga supu, taurini nyingi umeimwaga nayo. Apikiwe kwa vipimo vya daktari, vinginevyo asipikiwe.

Nikirudi kwenye masuala ya dada: israfu ni kutumia pasipo haja au kupita kiasi. Kumlisha mnyama uliyemfungia ndani ni wajibu wako, na kila mtoto wa chuoni anaijua habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka: alimfunga, hakumlisha wala hakumwacha ale vijidudu vya ardhini. Dada alipoweka karatasi ya malipo ya kumlaza paka kando ya bei ya mfuko, hesabu ilijisema. Asiye na uwezo amwambie daktari wazi. Kwa paka ambaye hana vijiwe, chakula cha kawaida cha kopo kilichoongezwa maji, pamoja na utulivu wa nyumba, huenda kikatosha. Nairobi pia ipo kliniki ya wanyama wadogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi, Kabete, na chama cha KSPCA kule Karen, ambako mtu anaweza kuomba ushauri. La muhimu ni kwamba anayetibu awe amesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya.

Ama kumtoa, wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafi wamesema mwenye mnyama amlishe, au ampe mwingine atakayemlisha, au amwachie mahali anapoweza kujilisha. Paka aliyetolewa mpira wa mkojo juzi, asiyejua kuwinda wala kupigana, hawezi kujilisha Soko la City Market. Kumpeleka huko ni kumuua polepole.

Suala la nguruwe ni zito zaidi. Mtume alikataza kuuza mzoga na nguruwe, kama alivyopokea Jabir, nayo ni katika mwaka wa kufunguliwa Makka. Wapo watakaosema kwamba hata kuku wa kiwanda cha ng'ambo hakuchinjwa kisharia, kwa hivyo ni mzoga. Kweli. Lakini kumlisha mnyama mzoga wanazuoni wamekuruhusu, na Imam Nawawi ametaja hivyo kwa mbwa na ndege wa kuwindia. Khitilafu ipo katika kununua, na haja ya tiba ina nafasi yake. Nguruwe ni jambo jingine. Kwetu Mashafi najisi yake ni nzito: chombo kilichoguswa naye kikiwa kibichi huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Nani ataosha bakuli hivyo asubuhi na jioni, katika fleti? Nilimwambia dada amrudie daktari na kumwomba chakula cha tiba ile ile kilichotengenezwa kwa kuku au samaki. Vyakula hivi aghalabu hutoka kwa ladha zaidi ya moja. Orodha ya viambato isomwe mpaka mwisho, kwani kuku wa kwenye picha huweza kufuatwa na ini la nguruwe katika maandishi madogo. Alikipata cha kuku, na mama mkwe, baada ya kusikia habari ya Abu Qatada, ndiye aliyejitwika kazi ya kubadilisha maji.

Mkojo wa paka ni najisi, nao mgonjwa huukosea sanduku, mara nyingine akaumwaga juu ya mswala. Asipigwe, kipigo huongeza hofu, na hofu huongeza uvimbe. Mkojo ufutwe, kisha paoshwe kwa maji mpaka rangi na ladha yake ziondoke. Harufu iliyoshindikana kuondoka husamehewa. Dawa ya klorini isimwagwe juu ya mkojo, kwa kuwa hutoa moshi unaodhuru kifua. Mwenye mimba amwachie mwingine kazi ya sanduku.

Baada ya paka kupona, sanduku lisafishwe kila siku na madonge ya mchanga uliolowa yahesabiwe. Madonge yakiwa madogo madogo na mengi, au yasionekane kabisa tangu jana, apelekwe kwa daktari siku hiyo hiyo. Namba ya daktari anayepokea wagonjwa usiku ibandikwe jikoni mapema, na kikapu cha kumbebea kisiwekwe juu ya kabati.