Mfuko Mdogo katika Ganda la Virusi

Katika mialo ya Ziwa Victoria kazi hufuata mwezi. Wavuvi wa dagaa hutoka na taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikikolea hupumzika, hutengeneza nyavu au huhamia kisiwa kingine. Mtu anayeishi hivyo akipewa vidonge vya kumeza kila siku ili kujikinga na Virusi vya UKIMWI (VVU), ni rahisi ajikute kambini ilhali vidonge vimebaki nyumbani. Mwanamke anayefanya kazi katika baa au nyumba ya wageni ana mzigo wake pia: akionekana na vidonge hivyo, huenda akaandamwa na maneno, hata kipigo.

Mwanza imeitafuta kinga kwa miaka mingi. Mwaka 1995, utafiti uliofanyika katika vijiji vya mkoa huu ulionyesha kuwa kuboresha tiba ya magonjwa ya ngono kulipunguza maambukizi mapya ya VVU kwa takriban asilimia 40. Matumaini yaliyofuata hayakutimia. Mwaka 2008 ilibainika kwamba asikloviri, dawa ya malengelenge ya sehemu za siri, haikuwakinga wanawake wa baa na nyumba za wageni waliojitolea kuitumia. Mwaka 2009, jeli ya ukeni iliyojaribiwa Mwanza na kwingineko barani Afrika nayo haikufaa.

Wakati huohuo, njia nyingine ilikuwa ikifunguka mbali na ziwa, ndani ya fuwele za protini.

VVU hubeba jeni zake katika ganda lenye umbo la koni, liitwalo kapsidi. Ganda hilo hujengwa kwa nakala zipatazo 1,500 za protini moja. Nyingi hujipanga katika pete za nakala sitasita. Pete 12 tu huwa za nakala tanotano, nazo ndizo zinazoliwezesha ganda kujikunja na kufungwa.

Hadubini ya mwanga haiwezi kuonyesha mpangilio wa atomu za protini. Kwa hiyo wataalamu huisafisha protini na kuiacha igande taratibu, kama chumvi inavyoganda maji yanapokauka, hadi molekuli zijipange safu kwa safu na kuwa fuwele. Eksirei zikipitishwa humo hutawanyika na kuacha madoa. Kutokana na hesabu ya madoa hayo huchorwa ramani ya elektroni, na kwa kuifuata ramani hiyo kila atomu huwekwa mahali pake.

Pete za kapsidi zilisumbua, kwa kuwa hazikushikamana vya kutosha. Mwaka 2009 Owen Pornillos na wenzake nchini Marekani walizifunga protini jirani kwa viungo vya salfa, ndipo pete ya sita ikaweza kugandishwa na kuchunguzwa. Kati ya protini mbili jirani pana mfuko mdogo. Humo ndimo baadhi ya protini za seli ya binadamu hujishikiza, zikilisaidia ganda kuingia katika kiini cha seli.

Mwaka 2020 watafiti wa kampuni ya Gilead walichapisha ramani ya dawa, lenakapaviri, ikiwa imekaa ndani ya mfuko huo. Ramani ilionyesha mambo madogo kama sehemu mbili za milioni kumi za milimita. Dawa huzishika protini zote mbili kwa pamoja na kuziba nafasi ya wasaidizi wa virusi. Ganda huvurugika, njia ya kiini hufungwa, na virusi vipya hujengwa na kasoro. Kwa kuwa kiasi kidogo sana hutosha, na dawa huyeyuka polepole chini ya ngozi, sindano hutolewa kila baada ya miezi sita.

Mwaka 2024 matokeo ya utafiti uliofanyika Afrika Kusini na Uganda, nchi inayopakana na Tanzania ziwani, yalitangazwa. Kati ya wasichana na wanawake vijana 2,134 waliopewa sindano hiyo, hakuna hata mmoja aliyeambukizwa. Kati ya 1,068 waliopewa vidonge vya kila siku vilivyozoeleka, waliambukizwa 16. Julai 2025 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza sindano hiyo itumike kwa kinga.

Hata hivyo, ramani ileile inatoa onyo. Badiliko la kiungo kimoja tu cha protini ndani ya mfuko linaweza kuidhoofisha dawa. Anayekosa sindano hubaki na dawa inayopungua mwilini kwa miezi mingi. Akiambukizwa wakati huo, virusi hupata nafasi ya kujifunza usugu. Ndiyo maana kipimo cha VVU hutangulia kila sindano. Aidha, rifampisini, dawa kuu ya kifua kikuu, hupunguza lenakapaviri katika damu. Mtoa huduma lazima aulize kuhusu kifua kikuu, na dozi irekebishwe.

Kwa hiyo kazi iliyoanzia kwenye fuwele itakamilikia mwaloni. Kliniki inayosubiri mvuvi aje mjini siku ya tarehe aliyoandikiwa itampoteza. Inayomfuata kambini siku za mbalamwezi, na kujua anakoelekea baadaye, ina nafasi ya kumkuta tena baada ya miezi sita.