Deni la fundi lisilete vita

Leo tunaongea juu ya deni la ujenzi. Vita ilibomoa nyumba nyingi, na watu wakirudi wanajenga. Nyumba inaisha, lakini fundi hajalipwa. Kwa hasira anapanda juu na kuondoa mabati. Mwenye nyumba anaita ndugu zake. Kesho yake si deni tena, ni ugomvi wa jamaa mbili.

Kuna njia nyingine. Congo iliingia OHADA mwaka 2012. Sheria zake zinampa mjenzi haki ya kuomba rehani juu ya nyumba anayojenga. Lakini anaiomba kabla kazi haijaanza, kwa mapatano ao kwa tribinali. Ndiyo sababu avoka hutafutwa mapema, si siku ya fimbo.

Je, kama rehani haikuandikwa? Avoka anaweza bado kuomba tribinali imwamuru mdeni alipe, ikiwa deni ni la kweli, kiasi chake kinajulikana, na siku ya kulipa imefika.

Mpelekee karatasi ya mapatano, risiti na hesabu ya kazi. Hakikisha ni wa baro, yaani chama cha maavoka, na bei yake iandikwe. Asiye na pesa aulize hapo hapo: sheria ya 1979 inataka kila baro iwe na ofisi ya mashauri ya bure.

Nanyi machefu, mkipatanisha watu, andikeni, na kila upande utie sahihi. Neno la mdomo husahauliwa, karatasi inabaki.